Miaka Saba Niliyojipunguzia

Butembo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Mwaka wa kumi na mbili tangu tufunge mlango wa nyumba yetu na kuondoka.

Mwanangu Kahindo,

Mvua imekatika na dirishani bado kuna mwanga wa kutosha, kwa hiyo naandika sasa, kabla hujarudi kutoka kuwaaga wenzako wa hospitali. Kesho asubuhi utapanda gari la Beni, utalala Bungulu kwa baba yako mdogo Kasereka, na keshokutwa ndege itakuchukua mpaka Kisangani. Shangazi yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kunywa, za wezi, za joto la huko ambalo sisi watu wa mlimani hatulijui. Sitaongeza kitu. Mimi nina jambo moja tu, nalo liko hapa mezani, limefunikwa na miwani yangu.

Ni ile karatasi uliyoniletea Alhamisi ya juma lililopita. Inasema kwamba mimi, Kambale, baba yako mzazi, natangaza mbele ya hakimu wa tribinali kuwa ulizaliwa miaka mitano baada ya siku uliyozaliwa. Wanaoajiri wauguzi wa Serikali hawataki mtu aliyevuka thelathini na mitano, na wewe umefika thelathini na sita. Umeacha nafasi ya jina langu chini, umeweka alama ya msalaba kwa kalamu ya risasi ili nisikosee mahali.

Sijaitia sahihi. Nakuambia mwanzoni ili usiisome barua hii yote ukitafuta jibu. Lakini naomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake kuna neno ambalo nimekuficha miaka sita, na ukilijua labda utanikasirikia kuliko unavyonikasirikia kwa karatasi hii.

Alhamisi ile nilipoirudisha karatasi mezani, ulisema, "Papa, ni ile karatasi yako ilinisomesha. Kama uongo yako ilikuwa muzuri kwangu, yangu iko na mubaya gani?"

Nilijifanya natafuta fimbo yangu. Hata sasa sina jibu lililo zuri. Nina habari tu ya namna ilivyokuwa.

Unamkumbuka mwalimu mzee tuliyemwita Mwalimu wa Kengele, yule aliyefundisha darasa la kwanza kule kwetu. Alikuwa ametangulia kuajiriwa kuliko sisi wote. Mwaka alipofika kikomo cha umri, mkaguzi alikuja na orodha, akasoma jina lake, tukampigia makofi, tukampa jogoo na blanketi. Akaenda nyumbani kungoja pensheni. Mwezi wa kwanza alingoja akiwa amevaa koti. Baadaye akaanza kurudi shuleni asubuhi, anasimama nje ya dirisha la darasa lake la zamani, anawasikiliza watoto wakisoma silabi, na wakikosea midomo yake inatikisika. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja hakuja, na tulipokwenda kwake tulimkuta amelala chini ya lile blanketi, na faili yake bado inasafiri. Wakati ule, Kahindo, kwetu hakuna mwalimu aliyesema "nitastaafu." Tulisema "watanitoa." Tulilisema kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Nilikuwa na miaka sitini na minne. Mwaka uliofuata orodha ingesoma jina langu. Na wewe mwaka uleule ulikuwa umekubaliwa shule ya uuguzi, umeshona sare kabla hata hatujajua nani atailipia.

Nikashuka Beni. Pale mlangoni pa tribinali palikuwa na wanaume wawili waliokaa kwenye tofali, kazi yao ilikuwa kuwa mashahidi wa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Mmoja alikuwa mdogo kwangu kwa umri unaoonekana kwa macho. Aliapa mbele ya hakimu kwamba alikuwepo Kipese siku mama yangu aliponizaa. Hakimu hakuinua uso. Nikatoka na hukumu yenye mhuri: nimepungua miaka saba.

Mama yako alipoisoma alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kumbe niko na bwana kijana. Na mimi je, nibaki nazeeka peke yangu?" Kwa karatasi ile alikuwa amenizidi miaka minne. Wiki nzima alinitumia kama mtoto: Kambale kuja hapa, Kambale chukua maji, heshimu wakubwa. Nilifurahi naye. Nakuambia hivyo kwa sababu sitaki ufikiri kwamba uongo ule ulikuja nyumbani kwetu na sura mbaya. Ulikuja na sura nzuri sana. Ulikuja na sare yako.

Nikafundisha miaka minane zaidi. Miwili kule nyumbani, halafu waasi wakaja, na yaliyotukuta unayajua. Siku tuliyokimbia, watu walibeba sufuria na magodoro. Mama yako alibeba ule mfuko wa plastiki wa bluu wenye karatasi: diploma zenu, kadi zenu za ubatizo, barua yangu ya kuajiriwa, na juu kabisa hukumu ya miaka saba. Nilimwambia abebe walau sufuria ndogo. Akasema sufuria zinauzwa popote. Tukafika Bungulu, tukalala kwa Kasereka watu kumi na wawili katika vyumba viwili, na baadaye tukapanda kuja hapa Butembo, ambapo shule za waliokimbia zilikuwa zinaazima madarasa ya wengine saa za mchana. Kwa karatasi nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa magoti nilikuwa na sitini na sita, na magoti ndiyo yaliyosimama mbele ya watoto themanini.

Kasereka alikuwa akija kututembelea ananiita mudogo wangu. Unakumbuka. "Mudogo wangu, salimia mukubwa wako." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hatukufikiri hata siku moja kwamba katika mzaha ule ndimo ulimokuwa mtego.

Unajua kwetu Wanande jina la kuzaliwa ni hesabu. Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Wewe ni Kahindo kwa sababu mama yako alizaa wavulana watatu, halafu akageuza. Mtu akisikia majina ya nyumba yetu anajua nani alimtangulia nani kabla hajaona uso wa yeyote. Nami mwalimu, niliyewafundisha watoto kuhesabu, nilibadili tarehe yangu nikaacha jina langu lilivyo. Nikawa Kambale aliyezaliwa miaka minne baada ya Kasereka.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Ulijua kwamba miaka sita iliyopita mimi na Kasereka tulikwenda Beni pamoja kuomba kustaafu. Yeye alikuwa agronomu, bwana shamba wa Serikali, walikuwa wamemsahau kwenye orodha, hajatolewa. Mimi karatasi yangu ilikuwa imefika kikomo, na mwili ulikuwa umekifikia zamani. Safari hii tulikuwa na matumaini, maana habari zilikuwa zimebadilika: kuna kasha jipya, mfuko wa pensheni, linakata kidogo kwenye mshahara wa kila mwezi, na aliyemaliza faili yake analipwa kweli. Tena aliyestaafu kwa njia halali anabaki kwenye mutuelle, ile bima ya afya ya walimu, yeye na mke wake. Hilo la mke ndilo nililolifuata. Sukari ya mama yako ilikuwa imepanda mwaka ule, na figo zilikuwa zimeanza kumtesa.

Nilirudi jioni ile nikawaambia wewe na mama yako kwamba biro, ile ofisi ya pensheni, imepoteza faili yangu. Wewe ulilaani Serikali. Miezi minne baadaye, tulipomzika mama yako, uliilaani tena mbele ya kaburi, na watu wakasema amina. Nilisimama pale nikasema amina pamoja nao.

Faili haikupotea.

Tulikuwa kwenye foleni, Kasereka mbele, mimi nyuma. Karani alikuwa kijana mwembamba, wa kwetu, anaandika polepole na mwandiko mzuri. Alimaliza faili ya Kasereka, akachukua yangu, akaona baba ni mmoja na mama ni mmoja, akaziweka mbili sambamba. Akapitisha kidole kwenye tarehe. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa:

"Bazee, nani kati yenu alitangulia?"

"Ni yeye," Kasereka akajibu bila kufikiri, akinionyesha kwa kidole.

"Mais karatasi inasema ni weye." Hayo alimwambia Kasereka, kisha akanitazama mimi. "Papa Kambale, unazaliwa nyuma ya Kasereka? Na mama ni moja? Donc mama yenu alikuwa anahesabia namna gani?"

Foleni ilicheka. Haikuwa kicheko kibaya, Kahindo. Ilikuwa ni watu waliosimama tangu asubuhi wamepata kitu cha kupunguza uchovu. Lakini nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Ni Mwalimu huyo, alinifundisha darasa la sita," na mwingine akasema, "Basi ndiye alikufundisha hesabu," na kicheko kikaanza upya. Sikugeuka kuona ni nani. Mpaka leo sijui ni mwanafunzi wangu yupi.

Karani hakucheka. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini maneno ambayo ningeweza kuyasoma sasa hivi kama nasoma kitabu. Kwamba si mimi wa kwanza. Kwamba wanajua walimu wengi walifanya hivyo. Kwamba wamepewa ruhusa ya kusahihisha pale pale, bila tribinali, kwa yeyote ambaye ataleta kadi ya ubatizo ya zamani na kuandika kwa mkono wake kwamba tarehe ya pili haikuwa ya kweli. Akanipa muda mpaka mwisho wa mwezi. Akanionya kitu kimoja: kwa kuwa nimekwisha kusaini ombi la kustaafu, mshahara utakatika mwezi ujao, kwa hiyo nisichelewe, nisije nikabaki katikati.

Kadi yangu ya ubatizo ilikuwa katika daftari za misioni ya Kipese. Wakati ule njia ya Kipese ilikuwa inapitika. Siku moja kwenda, siku moja kurudi.

Nikamwambia karani, "Nitarudi."

Sikurudi. Sikwenda Kipese. Kila asubuhi ya mwezi ule niliamka nikiwa na nia ya kwenda, nikavaa, na nikifika kwenye viatu nasikia ile foleni. Nilijiona nimesimama tena mbele yao, naandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko wa mwalimu, mimi nilisema uongo, na yule mwanafunzi anachungulia begani. Nikasema wiki ijayo. Mama yako aliniuliza mara mbili kama hawajaipata faili. Mara ya pili nilimjibu kwa ukali, naye akaacha kuuliza.

Mwezi ukaisha. Mshahara ukakatika kama karani alivyosema. Tulipompeleka mama yako hospitali, yule dada wa mutuelle alitafuta jina langu kwenye mashine. Alisema, "Papa, kwa bale banafundisha, hauko. Kwa bale ba retraite, bale ba pensheni, hauko. Weye uko fasi gani?" Kwa rejista ya mishahara nilikuwa mzee mno. Kwa kasha la pensheni sikuwa nimezaliwa bado siku inayojulikana.

Wewe ulikuwa zamu ya usiku miezi ile, unamletea dawa ulizoweza. Hukujua kwamba alikuwa anazigawa, leo anameza, kesho hamezi, ili zifike mwisho wa mwezi. Nilijua mimi. Nilizihesabu nikamwona, naye akaniona nimemwona. Kasereka alimaliza faili yake siku ileile ya foleni. Anapokea pensheni yake, ndogo lakini inakuja, na kadi yake ya bima inasomwa kila anapokwenda. Yeye alijua yote. Nilimwomba anyamaze na amenyamaza, na tangu tumzike mama yako hajaniita mudogo wake tena.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Umeishi miaka sita unaichukia biro ambayo ilinifungulia mlango. Ukitaka kumchukia mtu kwa mama yako, unajua sasa anapokaa.

Nimesoma sana katika maisha yangu, na tangu siku ile nimesoma hasa sheria za kustaafu, vijitabu vya bima, matangazo yaliyobandikwa ukutani. Nimekuwa mtaalamu wa kitu ambacho hakitanifaa. Wanafunzi wangu wa zamani wananiletea faili zao nizitazame. Kwa hiyo nakuambia nilichokiona, si kwa kukufundisha tabia njema. Mtu anapoingia kazini hakuna anayelinganisha karatasi zake. Wanahitaji watu, wana haraka, wanapiga mhuri. Karatasi hulinganishwa siku ya kutoka. Siku hiyo wataweka mezani barua ya kuajiriwa, diploma yako ya Serikali, kadi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi, cheti cha ndoa kama utakuwa umeolewa kwenye ofisi ya komini, na vyeti vya watoto wako. Diploma yako ina mwaka wa kweli. Umeniambia kwamba Kisangani hapana mutu anajua Kahindo ni nani. Ni kweli, kule jina lako halitakusaliti kama langu. Lakini karatasi zako zitakuwa mbili zinazobishana miaka thelathini, na wewe utakuwa mgonjwa, au mume wako atakuwa mgonjwa, siku zitakapoitwa kusema neno moja. Na utakuwa na aibu. Hiyo ndiyo ambayo sikuitia kwenye hesabu. Nilijua kuna hatari ya kugunduliwa. Sikujua kwamba baada ya kugunduliwa nitapewa njia ya kutoka, na aibu itanizuia nisiipite.

Sasa la Kasereka. Kesho atakuuliza kama nimekubali, nawe hutajua anazungumza nini, kwa hiyo nakueleza. Amehangaika kwa ajili yangu. Ule mlango wa kusahihisha pale bironi ulifungwa siku nyingi. Sasa lazima nipitie tribinali ya Beni, na cheti cha utumishi kitoke kwenye shule yangu ya zamani kule nyumbani, ambako anasema watu wameanza kwenda mchana kuvuna kakao na kurudi kabla ya jioni. Amepata hata mwanasheria. Mwanasheria anasema nikikiri kwamba nilidanganya hakimu atanifunga au atanitoza faini, kwa hiyo njia ni moja: niape kwamba mwaka ule nilidanganywa na wale mashahidi wawili, kwamba sikuelewa kilichoandikwa. Kasereka alinipigia simu Jumatatu akasema, kwa wema tu, "Sema hivi tu: mimi hapana kujua kusoma vizuri. Nani atakuuliza?"

Miaka arobaini na miwili nimesimama mbele ya ubao, Kahindo. Nimewafundisha kusoma watu ambao leo ni mapadri na wenye maduka makubwa ya hapa mjini. Wewe mwenyewe nilikufundisha herufi kwa makaa, kwenye mlango wa jikoni. Nilikwisha kuuza miaka yangu saba. Nikiuza na hiyo ya kusoma nitakuwa nimebaki na nini? Na faida ambayo mimi ningeitaka kwa uongo huu wa pili ni bima ya afya kwa mke. Mke hayupo.

Najua unachokifikiri hapa. Kwamba baba asiye na pensheni wala kadi ya hospitali, mwenye shinikizo la damu na miaka sabini na minane, anamkatalia binti yake karatasi ambayo ingempa mshahara wa kumtunza. Nimelifikiri kabla yako. Ninajua kwamba kwa kukuambia ukweli wangu nimekuongezea mzigo, na mzigo huo unakusukuma kuelekea tribinali badala ya kukuzuia. Baba mwenye akili angeitia sahihi, angekuacha uendelee kuamini kwamba faili ilipotea, na kwamba siku moja itapatikana. Sitaki uende Kisangani ukisubiri pensheni yangu. Haiji. Panga maisha yako bila hiyo, na ukinitumia kitu, tuma kwa kujua.

Jumatano na jana nilikuambia nakwenda kwa fundi wa redio. Nilikuwa hospitalini kwako. Nilikaa mlangoni pa mkurugenzi siku ya kwanza mpaka wakafunga, na jana nikakaa tena. Nimesoma katika tangazo la ajira, kwenye maandishi madogo ya nyuma ambayo wewe na wenzako hamkuyafikia, kwamba aliyekuwa anafanya kazi katika hospitali inayotambuliwa kabla ya kufika kikomo anaweza kufikiriwa, hata kama hakuwa na namba ya utumishi wa Serikali. Wewe umefanya kazi pale miaka kumi bila namba. Mkurugenzi ameandika cheti, tarehe ya kwanza mpaka ya mwisho, na mhuri. Alitaka kuandika miaka minane, anasema miwili ya mwanzo ulikuwa unajitolea tu. Nilimwambia kujitolea nako ni kufanya kazi, aandike yote. Ameandika. Hicho cheti kimo katika bahasha hii pamoja na kadi yako ya ubatizo. Neno lao ni "anaweza." Huenda wakakataa. Nimeona faili nzuri kuliko hiyo zikikataliwa, na sitakuahidi.

Na karatasi yako nimeiweka humo pia, tupu kama ulivyonipa. Sikuichana. Wewe ni mtu mzima, na wale wanaume wa kwenye tofali wapo Kisangani kama walivyokuwa Beni. Ukifika huko wakikataa cheti cha mkurugenzi, ukakosa njia nyingine kabisa, utapata mtu wa kusema yeye ni baba yako kwa muda wa dakika kumi. Sitakulaani. Nitakuwa sina mdomo wa kukulaania.

Ila kuna ombi moja. Tazama tena mwaka uliouandika. Uliandika haraka, ulitoa mitano tu kwenye hesabu, najua hukukusudia. Mwaka huo ni wa Kakule, mdogo wako. Alizaliwa mwaka huo kule nyumbani, mwezi wa kupanda maharagwe, akakaa nasi miaka minne, na homa ikamchukua siku tatu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikataa kula. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, tulikuwa tunangoja akue. Hana picha. Jiwe tuliloweka nyuma ya nyumba sijui kama bado linaonekana katika majani. Hakuna karatasi popote duniani inayosema alikuwepo. Mwaka wake ndicho kitu pekee alichonacho, na kichwani mwangu bado anauishi peke yake, angekuwa na thelathini na mmoja. Ukilazimika, toa minne, au toa sita. Huo mwachie.

Nasikia mlango wa nje. Ni wewe, unavua viatu, unamuuliza shangazi yako kama nimekunywa dawa. Nimekunywa. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa bluu chini ya diploma, ili uikute Bungulu na si hapa, maana sitaki tuagane kesho tukiwa tumeisoma.

Ukishaisoma, mwambie Kasereka namshukuru, na kwamba hana haja ya kuendelea kunifichia, unajua yote. Mwambie asimlipe mwanasheria. Kwa karani yule nilisema nitarudi, na lilikuwa neno la uongo kuliko ile hukumu yenyewe. Leo nasema lililo kweli. Beni sitarudi, wala nyumbani sitarudi.